Shingo ya Mwanamume na Tai ya Kipepeo

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo lionekanalo dogo, walakini limepata kutolewa amri za serikali na kuwatia watu wazima fedheha. Jambo lenyewe ni kile anachovaa mwanamume shingoni.

Tuchukue mfano wa kijana wa Elerai, pale Arusha, aliyealikwa katika arusi ya ndugu yake. Amejifunga tai ya kipepeo iliyoshonwa kwa kitenge, yaani ile fupi yenye fundo katikati na mabawa mawili. Babu yake amtazama, kisha amwuliza, “Mjukuu wangu, waenda arusini au kwenye mchezo?” Mwenziwe ampinga kwa kusema kwamba tai ya heshima ni ile ndefu. Wa tatu asema zote ni za kigeni, na shingo ya kwetu huvikwa ushanga. Je, katika hao watatu ni nani asemaye kweli? Tuiulize historia.

Katika karne ya 17, siku za Vita vya Miaka Thelathini (1618 mpaka 1648), Ufaransa iliajiri askari kutoka Kroatia. Askari hao walikuwa na desturi ya kujifunga kitambaa shingoni. Wafaransa walikiona kitambaa hicho, wakakipenda, nao wakubwa wa baraza la mfalme Louis XIV wakakivaa. Kutokana na jina la Wakroatia Wafaransa walipata neno lao la tai, na ndiyo maana ndugu zetu wa Kongo husema kravati hata leo. Basi tai ndefu na tai ya kipepeo ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo alikuwa kitambaa cha askari wa kigeni. Tena umbo la tai ndefu tuliyoizoea lilipata kutulia katika miaka ya 1920, Jesse Langsdorf wa New York alipotengeneza namna ya kuikata nguo kimshazari ili tai isipindike. Desturi tudhaniyo ni ya tangu na tangu ina umri wa miaka mia hivi.

Sasa tumgeukie yule asemaye habari ya ushanga. Olerai ni jina la Kimaasai la mgunga wenye gome la manjano, na jina la Elerai latukumbusha mti huo. Katika nchi hiyo chini ya Mlima Meru, akina mama wa Kiarusha na wa Kimaasai wana ustadi mkubwa wa kupanga shanga kwa rangi zake, na mwenye kujua huzisoma kama asomavyo barua. Lakini shanga za kioo zenyewe zilitoka mbali, Venice na Bohemia, zikapita pwani na kupanda bara katika mizigo ya misafara. Wenyeji walizipokea, wakazipa maana, zikawa zao. Na huko Oman kanzu ina kishada shingoni kiitwacho furakha, ambacho hutiwa manukato. Nao maskauti, chama alichokianza Baden-Powell mwaka 1907, yeye aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, huvaa skafu iwezayo kumfunga jeraha aliyeumia. Hivyo kila shingo ina mapambo yake, na kila pambo lina safari yake.

Shida huanza pale mwenye nguvu anapoamuru. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Tanzania ilifanya kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache lubega na ngeu, wavae suruali, ati ndiyo maendeleo. Huko Zaire, katika miaka ya 1970, Rais Mobutu aliamuru kinyume chake: suti na tai zikatazwe kwa kuwa ni za kikoloni, na wanaume wavae koti liitwalo abakosti, lisilohitaji tai. Amri hiyo ilidumu mpaka mwaka 1990, naye Mobutu mwenyewe ndiye aliyeilegeza. Tena Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alikataza suti ya Kaunda bungeni, akataka koti, kola na tai. Tazameni basi: mmoja aliikataza tai kwa ajili ya heshima ya Mwafrika, na mwingine aliitaka kwa ajili ya heshima ya Bunge. Ikiwa heshima yaweza kuamuru mambo mawili yapinganayo, basi yatupasa kukiri kwamba heshima yenyewe haikai katika kitambaa.

Mfano ulio bora tunao papo hapo Meru. Mwezi wa Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, na nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi ipewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Ardhi haikurudishwa mara ile, lakini kilio cha Wameru kilisikika ulimwenguni. Mtu amkumbukaye leo humkumbuka kwa neno lililotoka kooni mwake, wala si kwa kile kilichofungwa juu ya koo hilo.

Je, hapana kanuni hata moja? Zipo, nazo ni za akili. Fundi aliye karibu na mashine izungukayo asivae tai ndefu, maana yaweza kumvuta na kumwua. Huko Uingereza, tangu mwaka 2007, waganga wa hospitali walishauriwa waache tai zao, kwa kuwa hugusa wagonjwa na kuchukua vijidudu. Hapo tai ya kipepeo haina hatari ile ile, kwani haining'inii. Tena mtu aendaye msibani asivae kitu cha kuvuta macho, kwa kuwa siku hiyo si yake. Wala asikope fedha kwa ajili ya pambo. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri.

Basi twamjibu kijana wa Elerai: vaa tai yako ya kipepeo, iwe safi na imefungwa vema, na ukifika arusini mwamkie babu yako kwanza. Nawe babu, kumbuka kwamba hata ushanga ulikuwa mgeni siku moja, ukakaribishwa. Mkishaamkiana, ingieni pamoja, arusi yawangoja.