Kufuli Lililohesabu Windo

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inaiweka programu ya kompyuta kundi moja na kitabu: kazi ya mtu, yenye kulindwa. COSOTA, chombo cha kuisimamia sheria hiyo, ikaanza kazi mwaka 2001, na kanuni za mwaka 2006 zikaleta hakigramu, ile stika ya kumetameta kwenye kasha la CD. Mwaka 2013 mamlaka ya mapato, TRA, nayo ikaja na stempu yake ya kodi. Stika zote hizo zilikuwa za muziki na filamu. Gemu la kompyuta liliachwa lijilinde lenyewe, na lilijilinda kwa ukali.

Kompyuta zenyewe zilichelewa kutufikia. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na marufuku hiyo ilikuja kuondolewa miaka ya 1990. Kwa hiyo enzi ambazo gemu lilimtaka mchezaji afungue kijitabu chake, atafute neno la ukurasa fulani na kulichapa kabla ya kuanza, hazikuwa habari ya Buguruni, Dar es Salaam. Kufuli tulilokutana nalo ni lile la diski. SafeDisc na SecuROM ziliweka alama ambazo mashine ya kuchomea CD ilishindwa kuzinakili, na gemu likakataa kufunguka bila diski halisi. Wajuzi wakalijibu kwa krak, faili dogo linalobandikwa juu ya lile la asili ili gemu lisiulize kitu.

Makampuni yakahamia kwenye hesabu. BioShock ya mwaka 2007 ilitoka na ruhusa ya kuwashwa mara 2 tu kupitia intaneti. Wanunuzi wakapiga kelele, zikawa 5, na mwaka uliofuata kikomo kikafutwa. Septemba 2008 ikaja Spore ya Electronic Arts, ruhusa mara 3. Ndani ya siku chache maoni ya nyota moja kwenye duka la Amazon yalipita 2,000, na kampuni ikapandisha ruhusa hadi 5.

Sasa lichukue kufuli hilo ulilete Buguruni, iwe Malapa au Sheli. Kompyuta ni ya mtumba. Ikiingia virusi, fundi anapiga windo, yaani anaweka Windows upya. Ikiwa nzito, anapiga windo. Hata diski kuu ya ndani ikifa anaweka nyingine, kisha anapiga windo tena. Kila badiliko la namna hiyo gemu lingeweza kulihesabu kama mashine mpya, na ruhusa ikapungua. Aliyebuni mpango huu alikuwa na mteja mmoja tu kichwani: mtu mwenye mashine yake mwenyewe, intaneti sebuleni, na kadi ya benki.

Intaneti sebuleni! Spore ilipotoka, mkongo wa SEACOM ulikuwa haujafika Dar es Salaam. Ulizinduliwa Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya kujikongoja, na kwa wengi intaneti ilikuwa kwenye kafe, kwa malipo ya saa. Kompyuta ya gemu iko nyumbani, mtandao uko kwenye kafe. Ungeibeba CPU mgongoni ukaombe ruhusa ya kucheza? (Na hapo mgao wa umeme haujatajwa.)

Aliyechukua nakala yenye krak hakuulizwa lolote. Spore iliibiwa hata kabla ya siku yake ya kutoka, na tovuti ya TorrentFreak ikaitaja kuwa gemu lililopakuliwa kiharamu kuliko yote mwaka ule, takriban mara milioni 1.7. Siwatetei waliochoma, mtunzi wa gemu anakula jasho lake kama mwanamuziki wa Temeke. Lakini kufuli lililomsumbua aliyelipa peke yake siliiti ulinzi.

Waliotengeneza SecuROM, kutoka Austria, hawakukata tamaa. Wakajitenga na Sony, kampuni iliyowamiliki, na kuunda kufuli jipya, Denuvo, lililoanza na FIFA 15 mwaka 2014, na safari hiyo wavunjaji walitoka jasho kweli.

SafeDisc yenyewe ilikufa kwa mkono mwingine. Mwaka 2015 Microsoft iliitupa nje ya Windows 10 kwa sababu za usalama, kisha ikaizima hata kwenye matoleo ya nyuma. CD halisi nyingi za miaka ile, zilizolipiwa kihalali, zikakataa kufunguka kwenye windo jipya. Ili mwenye nayo acheze gemu alilolinunua, mara nyingi hubidi atafute krak.