Kitu cha Zawadi ni Amana

Kitu kikiisha kutolewa zawadi, ni cha nani? Mwaka 1964 Waingereza waliwapa Wamarekani wa Green Bay injini ya gari la moshi iitwayo Dwight D. Eisenhower, ikae katika makumbusho yao ya reli. Na mwaka 1966 nyingine, Dominion of Canada, ilipelekwa Kanada. Mwaka 2012 makumbusho ya York, Uingereza, yaliziazima, ili mwaka 2013 injini zote sita zilizosalia za namna ile zikusanyike: ilikuwa miaka 75 tangu Mallard, mojawapo, kukimbia maili 126 kwa saa. York wakazipaka rangi upya, na mwaka 2014 wakazirudisha ng'ambo. Twaona basi: mtoaji hakudai, bali aliazima, mpokeaji hakuuza, wala hakunyima. Nasi tukipewa kitu kwa ajili ya wote, tukitunze vivyo hivyo.