Mhandisi, fundi na glasi ya baa

Kichekesho cha glasi kimezeeka, lakini bado kinazunguka baa na maofisini: mwenye matumaini anaiona imejaa nusu, aliyekata tamaa anaiona tupu nusu, na mhandisi anasema glasi imetengenezwa kubwa mara mbili ya inavyohitajika. Tunacheka kwa sababu ameulizwa swali la moyo akajibu la vipimo. Na vipimo ndilo shina la jina lake: limetoka Kiarabu, muhandis, kwa handasa, yaani jiometri, na nyuma yake lipo neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo.

Mweke fundi mahali pake, kichekesho kinakufa. Fundi ana utani wake, ila unahusu siku: “njoo kesho”, na nguo ya Idi inayokabidhiwa baada ya Idi. Huyu tunamcheka kwa ahadi, yule kwa usahihi uliopitiliza. Mpinzani atasema mnywaji hajui Kiajemi, tena mezani husema injinia. Kweli, lakini hahitaji kujua. Kazi iliyozaa neno ndiyo inayozaa mzaha. Hoja nzito zaidi ni kwamba fundi naye hupima, tepu iko shingoni. Hupima, ila hakuna anayemtania kwa hilo. Isitoshe, Tanzania mhandisi husajiliwa na bodi chini ya sheria ya 1997, na magazeti huliweka neno hilo mbele ya jina lake kama Dokta, jambo linalowapa watani wa ofisini shabaha nono.