KPH, Sikio la Pasifiki

Kaskazini ya San Francisco, ndani ya hifadhi ya Point Reyes, barabara fupi inapita kati ya safu mbili za misaipresi ambayo matawi yake yameshikana juu mpaka njia ikawa kama ukumbi. Mwisho wake lipo jengo jeupe ambalo kampuni ya RCA ililijenga karibu na mwaka 1930. Humo waliketi watu wa zamu, mchana na usiku, visikizi masikioni, wakiisikiliza bahari.

Jina la kituo hicho cha redio cha pwani, KPH, limetoka hotelini. Mwaka 1905 mitambo ya redio, au simu ya upepo kama walivyoiita wazee wetu, ilisimikwa katika Palace Hotel mjini San Francisco, na kituo kikajitambulisha hewani kwa herufi PH. Hakikukaa hapo sana. Aprili 18, 1906 tetemeko la ardhi liliupiga mji, moto ukafuata na kuiteketeza hoteli. Kituo kikahama, na jina likahama nacho. Herufi K iliongezwa baadaye, mataifa yalipogawana herufi za mwanzo ili vituo visichukuliane majina. Kampuni ya Marconi ilikirithi mwaka 1912, kisha RCA baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakati wa vita vya pili huduma kwa meli za biashara ilifungwa. Ilipofunguliwa tena, kazi ya kusikiliza ikahamia katika jengo lile la Point Reyes.

Nasema kusikiliza kwa sababu kurusha kulifanyika kwingine. Mitambo ya kurushia ilikuwa Bolinas, zaidi ya kilomita 25 kutoka hapo, mahali ambapo kampuni ya Marconi ilikuwa imejenga kituo kikubwa cha kuvusha ujumbe ng'ambo ya Pasifiki. Mtambo wenye nguvu ukinguruma karibu na mtambo wa kupokea, huu wa pili hauambulii kitu. Basi opereta aligonga kitufe Point Reyes, ishara ikakimbia kwa waya hadi Bolinas, ikapandishwa kwenye antena na kwenda zake baharini, huku masikio yake yakibaki mahali penye utulivu. Huko mbali, ofisa wa redio wa meli aliipata KPH kwa kufuata wito ambao mashine iliurudia bila kuchoka: V kadhaa, kisha jina la kituo. Akishaunasa, alijua masafa yapi yanafika saa hiyo, naye akaita.

Kwa saa zilizopangwa kituo kilirusha orodha ya meli zilizokuwa na telegramu: majina ya wito tu, moja baada ya jingine. Baharia aliyesikia la meli yake alijua nchi kavu kuna mtu anayemtafuta. Huenda ni tajiri wa meli akibadilisha bandari ya kwenda, huenda ni habari kwamba mtoto amezaliwa. Telegramu ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu walijifunza kusema jambo kubwa kwa maneno matano. Opereta aliyapokea kwa sikio na kuyapiga taipu papo hapo, kwa herufi kubwa tupu, vidole vikiwa nyuma kidogo ya masikio. Stadi hii haipatikani kwa wiki mbili. Asiyejua msimbo wa Morse husikia mlio mmoja mrefu uliokatikakatika. Mzoefu husikia maneno mazima, na zaidi ya maneno humsikia mtu. Kila mgongaji alikuwa na mkono wake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Watu wawili waliweza kufahamiana miaka mingi kwa mkono tu, wasiwahi kuonana uso kwa uso.

Lakini kazi nzito kuliko zote ilikuwa kunyamaza. Saa ya ukutani katika chumba cha redio ilikuwa na vipande viwili vilivyopakwa rangi nyekundu, kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, na ya 45 hadi ya 48. Mshale ulipoingia katika wekundu, kila chombo na kila kituo kiliacha kurusha kwenye kilohezi 500, masafa ya dharura. Dakika tatu, mara mbili kila saa, bahari zote za dunia zilitega sikio pamoja, ili meli yenye mtambo dhaifu, au inayozama, isimezwe na kelele za wenye nguvu. Mimi sijaona utaratibu mwingine wa kimataifa wenye utu kama huu.

Setilaiti zikaja. Juni 30, 1997, baada ya kununuliwa na kampuni ya Globe Wireless, KPH ilifungwa. Februari 1, 1999 mfumo mpya wa usalama wa baharini ulianza kutumika kikamilifu, na meli hazikulazimika tena kuwa na mjuzi wa Morse. Julai 12 mwaka huohuo Globe Wireless ilituma ujumbe wa mwisho wa kibiashara wa Morse nchini Marekani, ukifungwa kwa maneno yaleyale aliyotuma Samuel Morse mwaka 1844. Kisha ikagongwa ishara ya SK, ya kumaliza mawasiliano. Waliokuwa katika fani hutumia herufi hizo pia kumtaja mwenzao aliyefariki: kitufe kilichonyamaza.

Mitambo ya KPH ingeweza kuishia kwa wauza vyuma chakavu. Ilisalimika kwa sababu majengo yalikuwa ndani ya ardhi ya hifadhi, na kwa sababu wapenzi wa redio, pamoja na maopereta wa zamani, waliunda chama cha historia ya redio ya baharini na kuomba ruhusa ya kuingia. Wakafuta vumbi, wakabadilisha sehemu zilizoungua, wakaiwasha upya mitambo ya Bolinas. Julai 12, 2000, mwaka mmoja na dakika moja tangu ule ukimya, KPH ilisikika tena. Tangu hapo, kila tarehe hiyo, saa kumi na moja na dakika moja jioni kwa saa za California, wito uleule hurushwa kutoka Bolinas, na Point Reyes mtu aliyevaa visikizi husubiri nani atajibu.