Wapiga Nyuzi wa Burundi na Ndugu Zao wa Mississippi

Msikilizaji wa Afrika ya Mashariki atakaye kuwajua mabingwa wa gitaa la bluzi, muziki ule wa simanzi na malalamiko uliozaliwa miongoni mwa watu weusi wa kusini mwa Marekani, aghalabu huelekezwa moja kwa moja Mississippi, akatajiwa Charley Patton, Robert Johnson na Mississippi John Hurt, kisha akapandishwa pamoja na wahamiaji hadi Chicago kwa Muddy Waters. Njia hiyo ni njema, wala sina nia ya kumtoa mtu humo. Lakini aliyezaliwa baina ya Gitega na Muyinga angeweza kuianza safari hiyo mlangoni pake, kwa kuwa sanaa ya mtu mmoja aketiye na nyuzi zake, akisimulia kwa sauti ya chini mambo yaulemeayo moyo, ilikuwa na mafundi wake Burundi kabla gitaa halijafika nchi hiyo.

Ala yenyewe ni inanga. Huchongwa katika ubao mmoja, ukachimbwa mfano wa hori jembamba lenye urefu wa karibu mita moja, na uzi mrefu wa mshipa wa ng'ombe ukapitishwa huku na huku juu ya uwazi wake, ukikazwa katika pengo baada ya pengo la kingo zake, hata uzi ule ule mmoja ukawa nyuzi nane, zaidi au pungufu kidogo. Mpigaji huketi, huipakata, na kuicharaza kwa vidole vya mikono miwili. Na ajabu yake kubwa ni kwamba fundi wa Kirundi, katika namna iliyo adhimu kuliko zote za ala hiyo, haimbi, bali hunong'ona. Sasa mnong'ono kwa tabia yake ni pumzi tupu, hauna lahani, wala hauwezi kupanda na kushuka kama sauti ya mwimbaji. Walakini Kirundi ni lugha ambayo maneno yake yana kupanda na kushuka kwake, na nyuzi zinapoyafuata maneno hayo kwa uaminifu, sikio huichukua lahani ya nyuzi na kuivisha ile pumzi, hata msikilizaji akawa tayari kula yamini kwamba amesikia mtu akiimba. Mwanazuoni Cornelia Fales aliichunguza ajabu hii, na katika makala aliyoitoa mwaka 2002 aliitumia kufungulia hoja yake juu ya udanganyifu ambao sikio hutendewa na sauti.

Wajuzi wa bluzi watatambua hapa jambo walilolizoea. Blind Willie Johnson, aliyekuwa akitelezesha chuma au kioo juu ya nyuzi, mara nyingi alikata neno katikati na kuliachia gitaa limalizie; na B. B. King alizoea kuimba mstari, akanyamaza, kisha nyuzi zikamjibu. Kadhalika Burundi uko umuduri, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, ugongwao kwa kijiti huku mpigaji akikifunua na kukifunika kibuyu kifuani ili sauti ibadilike; na huko Mississippi watoto wengi walijifunza muziki kwa waya mmoja uliopigiliwa misumari ukutani mwa nyumba, wakitelezesha chupa juu yake, kabla hawajapata fedha ya kununua gitaa.

Nisifahamike vibaya. Sidai kwamba bluzi ilitoka Burundi. Waliopelekwa utumwani Marekani wengi wao walitoka Afrika ya Magharibi na pande za Kongo na Angola, na Gerhard Kubik, aliyeandika kitabu kizima juu ya Afrika na bluzi, anaitafuta asili ya muziki huo katika nyika za Sudani ya Magharibi, yaani ukanda ulio kusini ya Sahara, si nchi ya Sudani. Burundi, kwa upande wake, ilikuwa na bahati ya kuwa na mfalme, Mwezi Gisabo, ambaye majeshi yake yalimrudisha nyuma Rumaliza wa Ujiji, mfanyabiashara ya watumwa, alipojaribu kuingia humo. Udugu ninaousema ni wa sanaa, si wa nasaba.

Lililowatenga ndugu hawa ni nani aliyewalisha. Mpiga inanga alikaa katika baraza ya mwami, yaani mfalme, na ya watawala wa ukoo wake, akitumbuiza usiku kwa tarikhi na sifa, na fakhari yake ilitegemea wenyeji wake. Mpiga bluzi hakuwa na mfalme. Alikuwa na soko. Mwaka 1920 Mamie Smith alipoimba katika sahani ya santuri iliyonunuliwa kwa wingi na weusi wenzake, makampuni yaliona faida, yakatuma watu kusini kutafuta sauti; Blind Lemon Jefferson akapata jina kuanzia 1926, John Hurt akarekodiwa 1928, na Robert Johnson, aliyefariki 1938 akiwa kijana wa miaka ishirini na saba, akaacha nyimbo 29 zilizorekodiwa Texas katika 1936 na 1937. Hurt alisahauliwa kabisa, akarudi kwenye kazi ya shamba; lakini kwa kuwa sahani ilikuwapo, mwaka 1963 vijana walimfuata hadi kijiji cha Avalon wakamkuta yu hai. Sahani ilimngojea miaka thelathini na mitano, jambo ambalo baraza ya mfalme haiwezi kumfanyia mtu.

Na baraza ya Burundi ilivunjika. Novemba 1966 waziri mkuu Michel Micombero aliuondoa ufalme, na mwaka uliofuata ndipo Michel Vuylsteke alipokuja na mitambo ya kurekodi, akanasa muziki wa nchi hiyo kwa ajili ya kampuni ya Ocora ya Ufaransa. Humo tunamsikia Joseph Torobeka akinong'ona na inanga yake, na kwa ajili hiyo tunalo jina lake, ilhali majina ya waliomfundisha, na ya waliowafundisha hao, hayakuvuka mipaka ya vilima vyao. Zingatia kwamba safari ile ile ilinasa pia ngoma za Bukirasazi, kusini ya Gitega, na dunia, ilipopewa hiari, ilichukua ngoma. Mwaka 1971 ngoma hizo zilitiwa vinanda na magitaa zikauzwa Ulaya kwa jina la "Burundi Black". Mwaka 1975 Joni Mitchell akajengea wimbo wake juu ya ngoma za Burundi. Na mwaka 2014 UNESCO ikauingiza mchezo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mgeni afikaye Gitega leo hupelekwa Gishora kuzitazama zikipigwa, na kwa hakika ni tamasha la kumtoa mtu jasho la furaha. Kosa si la ngoma; ila ni dhuluma kidogo kwamba nchi yenye sanaa ya mnong'ono ijulikane kwa kishindo peke yake.

Muyinga huturudisha kwenye gitaa. Mji huu wa kaskazini-mashariki, ambamo Uislamu na Kiswahili vimetia mizizi kuliko sehemu nyingi za bara ya Burundi, uko karibu na njia ya mpaka wa Tanzania, na zama za ukoloni Warundi wengi walitoka nchini mwao kwenda mashamba ya Buganda na ya mkonge Tanganyika, kama weusi wa Mississippi walivyopanda magari ya moshi kwenda viwanda vya Chicago. Upande wa pili kampuni ya migodi ya Union Minière ilichukua wafanyakazi wa Ruanda-Urundi kwa migodi ya Katanga, Kongo, katika miaka ya 1920. Ni katika miji ile ya migodi, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya starehe, alikoinukia Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao ya Wayeke, ambao wazee wao walitoka Unyamwezi na misafara ya biashara. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta katika mji wa Jadotville mwaka 1952 akamrekodi "Masanga", wimbo ambamo kidole gumba na cha shahada hushuka na kupanda kwa ufasaha hata masikio yakahesabu wapigaji wawili; na mwaka 1969 Mwenda alisimama mbele ya Wamarekani katika tamasha la Newport. Alifariki 1990.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni kinyume cha ule wa desturi. Aanze na Mwenda, kwa sababu ya lugha. Ahamie kwa John Hurt wa 1928, ambaye gumba lake ni jirani wa gumba la Mwenda. Ndipo aende kwa Robert Johnson, kwa Muddy Waters wa gitaa la umeme, na kwa B. B. King, aliyefika Kinshasa mwaka 1974 kuwapigia Waafrika kwao. Akiisha kuzoea kusikia nyuzi zikisema, amtafute Torobeka. Katika sahani hiyo hiyo ya Ocora atakuta umuduri na ikembe, ala ya vibao vya chuma vipigwavyo kwa vidole gumba, na ngoma za Bukirasazi nazo zimo, ila namshauri aziwekee siku nyingine.