Asili ya Maneno ya Hesabu Tufundishayo Shuleni

Mwalimu afundishaye hesabu huko Isansa, katika nchi ya Wanyiha wa Mbozi, huandika ubaoni maneno mengi kwa siku moja: jumla, kigawe, mraba, namba tasa, asilimia. Watoto huyapokea yote kana kwamba ni jamaa wa nyumba moja. Sivyo. Mengine ni ya Kibantu tangu asili, mengine yaliletwa na majahazi, na mengine yalitungwa mezani na watu wenye kalamu mkononi. Kinyiha, lugha ya nyumbani, si lugha iliyokosa maandishi, kwani Agano Jipya la Kinyiha lilipigwa chapa mwaka 1913. Lakini hesabu za shule zafundishwa kwa Kiswahili, na mtoto huzipata pamoja na lugha ambayo pengine hajaizoea. Kwa hiyo neno lijielezalo humpunguzia mwalimu kazi, na neno lisilosema kitu huiongeza.

Moja hata tano, na nane, na kumi, ni maneno ya Kibantu. Tatu hutambulikana karibu kila mahali katika nchi zetu. Sita, saba na tisa ni Kiarabu. Wazee wa pwani walisema tandatu, fungate na kenda. Kenda lingali lasikika. Fungate limebaki katika siku saba za maarusi. Tandatu limesahauliwa na wengi. Kwa nini yalipotea hayo na si mengine? Nadhani sababu ni kwamba lugha nyingi za Kibantu huhesabu mkono mmoja kwanza, na zipitapo tano huanza kuunganisha. Wachewa, kwa mfano, husema tano na moja kwa maana ya sita. Katika soko lenye haraka, neno fupi la mgeni lilishinda.

Juu ya kumi Kiarabu kilitawala: ishirini, thelathini, mia, elfu, na laki ikatoka Bara Hindi. Watu wa pwani walisema hata edashara na thenashara, nalo la pili wachungaji wetu walijua vema, maana ndilo jina la mitume katika Biblia: wale Thenashara. Wiki nayo yaonyesha mchanganyiko huo, kwa kuwa ina siku mbili za tano: Jumatano, iliyo ya tano kwa Kiswahili tukianza Jumamosi, na Alhamisi ifuatayo, iliyo ya tano kwa Kiarabu. Mkristo ahesabuye Jumapili kuwa siku ya kwanza huku jina lake lasema ya pili, asishangae. Jina hilo lilipangwa na watu waliohesabu baada ya Ijumaa.

Sehemu za kitu kizima zilikuja na biashara: nusu, theluthi, robo, thumuni. Ushuru vilevile, asili yake Kiarabu, ni sehemu ya kumi. Basi watoza ushuru wa Injili, kwa jina lao la Kiswahili, ni wakusanyaji wa mafungu ya kumi. Sifuri kwa Kiarabu ni kitu kitupu, na neno hilohilo lilipita Italia likawapa Wazungu jina lao la sifuri.

Maneno ya mezani ni ya juzi. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 ilishughulika zaidi na tahajia, kamusi na usanifu wa vitabu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi Tanzania, na mwaka uohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Hesabu za madarasa ya juu, zilizokuwa zikifundishwa kwa Kiingereza, zilihitaji majina upesi.

Katika majina hayo yako mazuri mno. Tazama kigawe na kigawo. Mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Vivyo hivyo kigawe ni kile kigawanywacho. Lakini kifuniko ndicho kifunikacho, na kizibo ndicho kizibacho. Vivyo hivyo kigawo ndicho kigawanyacho. Basi 12 ni kigawe cha 3, na 3 ni kigawo cha 12, na irabu moja ya mwisho yabeba somo zima. Mwalimu aliyemweleza mtoto mtume na kifuniko hana haja ya kumkaririsha. Asilimia nayo ni wazi: katika sehemu, namba ya chini huitwa asili, na hapa asili ni mia.

Mengine sikuyapenda sana. Shufwa na witiri, yaani namba zigawanyikazo kwa mbili na zisizogawanyika, ni wazi kwa mtoto wa Unguja ajuaye sala ya witiri na rakaa zake. Kwa mtoto wa Isansa ni majina mawili tu ya kukariri. Namba tasa, kama 7, ambayo haina kigawo ila 1 na yenyewe, imepewa jina la mwanamke asiyezaa. Mfano waeleweka mara moja, lakini darasani huenda yumo mtoto ambaye shangazi yake hutukanwa kwa neno hilo, na mwalimu mwenye busara hulieleza pasipo kucheka.

Aljebra ni jina la kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad yapata mwaka 820. Al-jabr ni kurudisha mahali pake kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Katika hesabu, ni kuiondoa namba iliyopungua upande mmoja kwa kuiongeza pande zote mbili. Sisi twaita kazi hiyo mlinganyo, kutoka kulingana, na mkulima wa kahawa aliyesimama mbele ya mizani hahitaji maelezo: uongezapo huku, ongeza kule.

Uwezekano ndio mgeni wa mwisho. Hesabu yake ilianza kushika umbo mwaka 1654, Pascal na Fermat walipoandikiana barua juu ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa. Labda, huenda na yamkini twayo tangu zamani, lakini hayapimiki. Kura twayo pia. Mathiya alipatikana kwa kura, kila jina likiwa na nafasi sawa, yaani nusu, kwa kuwa walikuwa wawili. Leo kura ni uchaguzi, wala hakuna atakaye nafasi ziwe sawa. Kwa hiyo mwalimu afundishaye uwezekano kwa kura hana budi kurudi Matendo ya Mitume, sura ya 1, kabla ya kuandika ½ ubaoni.