Kipimo cha Meno, Toka Nta Hata Nuru

Mwakirunge iko Kisauni, katika bara ya Mombasa upande wa kaskazini, nchi ya minazi na mikorosho inayoteremka hata hori la Mtwapa. Na mkazi wake aliyepotewa na meno, akatamani kutengenezewa mengine, tangu zama za babu zetu alikabiliwa na taabu mbili, moja ya kinywani na moja ya njiani. Ya kinywani ni ile kalibu aliyotiwa mdomoni ili umbo la ufizi wake lipate kunakiliwa. Ya njiani ni kwamba matabibu wa meno walikuwa kisiwani, na watu wa Kisauni walivuka kwa vyombo vya majini hata mwaka 1931, lilipowekwa daraja la kuelea la Nyali, ambalo nalo lilidumu mpaka daraja la saruji la mwaka 1980. Seti nzima ya meno haimaliziki kwa siku moja: kuna siku ya kipimo cha kwanza, siku ya kipimo cha pili kilicho sahihi zaidi, siku ya kupima namna taya zinavyokutana, siku ya kuyajaribu meno yaliyopangwa juu ya nta, ndipo ije siku ya kuyavaa, na kila siku katika hizo ni safari ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo naamini kwamba taarikhi ya kipimo cha meno haielezeki vema na mtu atazamaye kinywa peke yake. Sharti aitazame na njia.

Kabla ya nusu ya karne ya 18 fundi wa Ulaya alipima kinywa kwa bikari, kisha akachonga meno kwa kukisia, akiyajaribu mdomoni na kuyapunguza mara kwa mara hata yakae. Kitu kilichopendwa sana kuchongwa ni jino la kiboko, maana ni gumu kupita pembe ya ndovu wala halifanyi umanjano upesi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivaa meno ya namna hiyo. Pwani yetu haikuwa mbali na biashara hii, kwani katika bidhaa zilizotoka Unguja karne ya 19, pamoja na pembe na vipusa, meno ya kiboko yalikuwamo.

Mageuzi yalikuja mwaka 1756, pale Philipp Pfaff, tabibu wa meno wa Mfalme Frederick wa Prussia, alipoeleza kitabuni jinsi ya kulainisha nta, kuibana juu ya ufizi nusu kwa nusu, kuziunganisha nusu hizo, kisha kumimina jasi ndani yake ipatikane sura ya kinywa mkononi mwa fundi. Mimi nayaona hayo kuwa ndiyo hatua kubwa kupita zote zilizofuata, pamoja na mashine za leo, kwa sababu tangu siku hiyo mgonjwa na kinywa chake waliweza kuachana: mtu akarudi kwake, na kinywa kikabaki mezani kwa fundi. Karne iliyofuata jasi yenyewe iliyochomwa na kusagwa ilitiwa mdomoni, nayo ikishaganda huvunjwa vipande vipande ili itoke, na vipande hivyo huunganishwa nje kwa subira kubwa. Na huko London mwaka 1857 Charles Stent aliurekebisha utomvu wa miti ya Malaya uliokuwa ukitumiwa kwa kazi hiyo, ukawa mwepesi kulainika na mgumu kupotoka. Jasi hiyo haikuwa kitu kigeni kwetu. Jirani zetu wa Bamburi, tangu kiwanda chao kilipoanza kutoa saruji mwaka 1954, huisaga pamoja na saruji ili isigande kabla mwashi hajamaliza kazi yake.

Kisha bahari ikaingia katika sanaa hii. Mwaka 1925, katika mji wa Vienna, Alphons Poller alitoa dawa ya kunakili iliyotokana na agari, yaani ute wa mwani, ambayo hulainika kwa moto na kuganda kwa baridi. Walakin agari ilitoka Japani, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoikata njia hiyo, wataalamu wakageukia ute wa mwani mwingine, ule wa rangi ya hudhurungi, uliogunduliwa na mkemia Stanford wa Uskoti katika miaka ya 1880. Ndio alijinati, inayotumika hata leo katika hospitali zetu. Mwani tulimao sisi, huko Kibuyuni katika Kwale, na Unguja tangu mwaka 1989, ni wa jamii nyingine, nao ute wake huishia katika dawa ya meno wala si katika kalibu.

Aliyepimwa kwa alijinati hasahau. Unga hukorogwa na maji katika bakuli la mpira kwa mwiko mpana, mbio mbio, hata uwe kama uji mzito. Hujazwa katika trei ya chuma yenye matundu, nayo trei husukumwa mdomoni na kushikiliwa hapo, mgonjwa akiambiwa ainamishe kichwa mbele na kuvuta pumzi kwa pua, huku koo lake likitaka kutapika na udenda ukimshuka kidevuni. Ikishaganda huvutwa kwa nguvu, ikatoka kwa mlio wa kufyonzwa, na ndani yake mna alama ya kila jino. Lakini mashaka hayajaisha, kwa kuwa alijinati ni maji kwa sehemu kubwa, na ikiachwa wazi hukauka na kunywea, na vipimo vyote vikaharibika. Kwa hiyo hufunikwa kitambaa kibichi, na jasi humiminwa upesi iwezekanavyo. Zahanati isiyokuwa na fundi karibu ilikuwa katika dhiki. Silikoni na dawa nyingine za mpira zilizokuja tangu miaka ya 1950 ziliipunguza dhiki hiyo, maana hustahimili safari, ila ni ghali.

Wazo la kupima kwa nuru lilitolewa na Mfaransa François Duret katika tasnifu yake mjini Lyon mwaka 1973, wakati ambapo kompyuta yenyewe ilikuwa kitu cha watu wachache. Na tarehe 19 Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, Werner Mörmann, tabibu wa meno, pamoja na Marco Brandestini, mhandisi, walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine yao: jino lilipigwa picha, kompyuta ikaupima mwanya, na kizibo cha kaure kikachongwa na kutiwa mgonjwa angali amekaa kitini. Mashine za awali zilidai meno yanyunyiziwe unga mweupe kwanza. Za leo hazidai. Tabibu huyafuta mate, akapitisha ncha ya kifimbo chenye taa juu ya meno, nje, juu na ndani, na kiooni mwa kompyuta jino hutokea baada ya jino, na mahali palipokosekana huonekana pengo, akarudia hapo hapo. Hapana trei, hapana kutapika. Picha hiyo husafiri kwa intaneti, na fundi aliye ng'ambo huipokea kabla mgonjwa hajafika kituo cha matatu. Kliniki kadha za Nairobi na Mombasa zinazo mashine hizi.

Hata hivyo nasema kwa dhati, kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa wazee wetu: kifimbo hicho humfaa zaidi aliyebakiwa na meno. Jino ni kitu kigumu, halisogei, na nuru hulishika. Ama mzee asiye na hata moja, ufizi wake ni laini, unateleza kwa mate, na mipaka ya meno yake ya bandia haiko katika umbo la ufizi uliotulia bali katika mwendo wa mashavu, midomo na ulimi. Lau mipaka hiyo haikupimwa katika mwendo wake, meno yatainuka mara tu atakapofungua kinywa. Kazi hiyo hufanywa kwa mkono: tabibu hupaka kingo za trei dawa iliyolainishwa kwa moto, kidogo kidogo, akaitia trei mdomoni, akamwambia mzee avute midomo, atoe ulimi, ameze, na kingo zikajiumba zenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanza kufundisha utabibu wa meno mwaka 1974, na vyuo vinavyofundisha mafundi wa meno, itakuwa hasara kubwa vikiuacha ustadi huo kwa kuona umepitwa na wakati.

Tena si lazima njia mbili hizi zigombane. Mzee akishapimwa kwa mkono, na jasi yake ikishamiminwa, sura hiyo ya jasi huwekwa katika mashine ya mezani iliyo kwa fundi, ikapigwa picha pande zote na kuhifadhiwa. Meno yake yakivunjika, au yakipotea, fundi hutengeneza mengine kwa picha ile ile, na safari ya mzee wa Mwakirunge huweza kupungua ikawa moja tu, ya kwenda kuyavaa.